Daftari la Duka la Wete: Madeni ya Marehemu, Nani Alipwe Kwanza na kwa Mali Ipi

Baada ya talakini, watu hawajatawanyika bado, mtoto mkubwa wa marehemu alisimama pembezoni mwa kaburi akatangaza: "Mwenye kumdai baba, deni lake liko juu yangu mimi." Watu wakaitikia, wakamuombea. Ni maneno ya mwana mwema, na Pemba nzima yanasemwa hivyo hivyo. Kisheria ndiyo maneno ya hatari kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Kisa hiki ni cha mfano, na hesabu zake ni za mfano pia. Marehemu, mwenye umri wa miaka 58, alikuwa na duka la nguo Wete. Ameacha mjane mmoja, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili (mmoja ana miaka 12) na wa kike watatu (mdogo ana miaka 8). Nyumba wanayokaa ni ya mama yake huyo. Kifo kilikuwa cha ghafla, na wasia ulioandikwa ni mstari mmoja tu: shilingi 1,000,000 zipewe chuo cha Qur'ani alichosomea utotoni.

Turudi kaburini. Maiti hadaiwi tena kwa mwili wake. Inayodaiwa ni tarka, yaani mali aliyoiacha. Mrithi hajibebeshi deni kwa kuwa ni mtoto. Ikiwa mali haitoshi, wanaodai wanachukua kilichopo, na kilichobaki si juu ya watoto mpaka wao wenyewe wajitolee. Lakini mtu anaposema "deni lake ni juu yangu", hapo ameingia katika dhamana. Dhamana ya deni la maiti ipo katika dini: Abu Qatada alidhamini dinari mbili za maiti ndipo Mtume akamsalia. Kilichomuokoa kijana wetu ni sharti moja la madhehebu ya Shafii tunayoyafuata: anachodhamini mtu lazima kiwe kinajulikana kiasi chake. Naye hakujua baba anadaiwa na nani wala kiasi gani. Kauli salama ni hii, na inatosha: "Mwenye kumdai marehemu aje kwetu na ushahidi wake, na anayedaiwa na marehemu naye aje." Hiyo nusu ya pili husahauliwa karibu kila mazishi, na mwenye duka mara nyingi anadai watu wengi kuliko wanaomdai yeye.

Siku ya tatu likaja kosa la pili, la kimya zaidi. Kijana alikuwa akiijua namba ya siri ya simu ya baba. Akatoa shilingi 600,000: 400,000 akampelekea kijumbe, yaani mkusanyaji wa upatu (mchango wa watu wanaopokezana kwa zamu), 200,000 akanunulia mchele na nyama ya msiba. Nia yake safi. Ila pesa ile ilikuwa tarka tayari, ya wanaodai na ya warithi saba, wawili kati yao watoto wadogo wasioweza kuridhia chochote. Na laini ile ilikuwa na mkopo mdogo wa simu wa 120,000. Wateja walioendelea kutuma pesa za nguo hawakujua kuwa zinazoingia kwanza zinamezwa na mkopo huo. Basi kabla hata hati ya kifo haijatoka, wadai wawili wameshalipwa bila ya yeyote kukaa kitako kuhesabu. Njia sahihi ni kuifunga simu, kuwaambia wateja wasitume, na kusubiri karatasi.

Karatasi zenyewe zina mpangilio wake. Inaanza barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, kisha hati ya kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kisha kufungua mirathi. Kwa Waislamu wa Zanzibar, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo yenye jukumu la kusimamia mirathi na kugawa. Ugomvi juu ya nani mrithi, au deni gani ni la kweli, unakwenda Mahkama ya Kadhi, ambayo sasa inafanya kazi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017. Uende na orodha kamili ya warithi, na mashahidi wawili wanaoijua familia. Bila ya msimamizi aliyethibitishwa, benki haitoi hata taarifa ya akaunti, na inafanya vyema.

Msimamizi hapa alikuwa ami yao, mdogo wa marehemu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa duka. Alifunga mlango kwa kufuli mbili, funguo moja kwake na nyengine kwa binti mkubwa, ili asiingie mmoja bila ya mwenzake. Kisha wakahesabu kwa siku mbili: mmoja anasoma, mmoja anaandika, mmoja anakagua. Kanga kwa doti, vitambaa kwa gora (roli zima), kofia kwa korija (ishirini ishirini). Kila kitu kiliwekwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia. Mtu anayeandika bei ya kuuzia anajidanganya kuwa mali ni kubwa, kisha anaahidi wadai kitu kisichopo. Jumla ikafika 9,400,000.

Kwenye rafu ya nyuma palikuwa na madira 30 yaliyofungwa kwa kamba ya kitani. Si ya duka. Mama mmoja wa mtaa aliyaacha amuuzie, anapewa pesa zake kila dira likitoka. Hiyo ni amana, haiingii kwenye tarka wala haigaiwi kwa wadai. Anarudishiwa yaliyobaki pamoja na thamani ya yaliyouzwa. Kama pasingekuwa na ukurasa wake kwenye daftari, yangehesabiwa na kuuzwa pamoja na mengine, na mama wa watu angebaki analia. Hali kadhalika dhahabu na cherehani za mjane: ni zake, hazina la kufanya na deni la mume.

Bidhaa zote, baada ya madira kutolewa, ziliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja kwa 8,600,000. Kuziuza rejareja kungeleta zaidi, lakini kungechukua miezi minane na kodi ya duka inakimbia. Kilemba cha duka, yaani malipo ya kuachiwa mlango, aliongeza 3,000,000. Vespa ikauzwa 1,300,000. Fedha taslimu, za benki na za simu, ukijumlisha na zile alizozitoa kijana na zilizomezwa na mkopo, zilikuwa 1,950,000. Kijana alizirejesha 200,000 za chakula kutoka mfukoni mwake. Rambirambi za watu ndizo zilizostahiki kulisha msiba, maana hizo zimeingia baada ya kifo na walizitoa watu kwa ajili hiyo. Waliokuwa wakidaiwa na marehemu daftari lilionyesha 3,800,000; kwa miezi mitatu zilipatikana 2,100,000. Jumla ya taslimu: 16,950,000.

Halafu kulikuwa na mikarafuu 40 Kangagani, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Jirani alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili, saini ya marehemu haina shaka: "Nimempa mikarafuu yangu 40 kwa shilingi 5,000,000, aichume, siku nikipata pesa zake nikomboe." Jirani alisema amenunua. Familia ikasema hii ni rehani. Wote wawili walikuwa na la kusimamia. Mwandiko kama huu una mizizi ya zamani visiwani. Wazee wanaujua kwa jina la bei khiyari, yaani kuuza kwa hiari ya kukomboa, na mashamba mengi ya karafuu yalihama mikono kwa njia hiyo, hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatoa amri ya kuzuia ardhi isipotee ovyo kwa madeni.

Kwa kauli iliyo mashuhuri kwa Mashafii, bei iliyofungwa ndani ya mkataba na sharti la kurudisha haisimami. Wako maulamaa wa Hadhramaut walioiruhusu kwa jina la bei ya uhda, kwa masharti yao, na Zanzibar athari yao si ndogo. Ndiyo maana mtu asiende mbele ya kadhi akidhani jibu liko mfukoni. Lakini ikiwa ni rehani, kanuni ni nyepesi kuielewa na nzito kuikubali: zao la kilichowekwa rehani ni la mwenye mali. Mkopeshaji akishurutisha avune yeye huku deni lake likibaki zima, mavuno hayo ni faida juu ya mkopo, na jina lake linajulikana: riba.

Jirani alikuwa amechuma misimu miwili. Bahati nzuri karafuu ina ushahidi wake: huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na shirika linatoa stakabadhi. Stakabadhi zilionyesha 3,400,000. Zikatolewa 1,100,000 za ujira wa wachumaji, waliolipwa kwa pishi (kipimo cha karafuu walizochuma), pamoja na gharama za kuanika. Zilizobaki, 2,300,000, zikakatwa kwenye deni. Walikubaliana kwa sulhu mbele ya kadhi: jirani alipwe 2,700,000, karatasi ichanwe, miti irudi. Sulhu iliandikwa na kutiwa saini, kwani sulhu ya mdomo hufa na mashahidi wake.

Swali moja lisiachwe katika shamba lolote la namna hii: ni la asili au ni eka tatu? Eka tatu ziligaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na anayezishikilia ana haki ya matumizi, hana ruhusa ya kuziuza au kuziweka rehani apendavyo. La Kangagani lilikuwa la asili.

Mdai mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Darajani, Unguja, aliyempa marehemu nguo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye. Alidai 7,200,000. Daftari la marehemu lilisema 5,850,000. Tofauti ya 1,350,000 ilikuwa ni malipo matatu. Taarifa ya miamala ya simu ilithibitisha mawili, jumla 900,000. La tatu, 450,000, marehemu aliandika kuwa amempa mtu wa boti taslimu, na mtu wa boti hakumbuki. Hapa wengi huchanganya. Kuthibitisha kuwa deni lipo ni kazi ya mdai. Kuthibitisha kuwa limelipwa ni kazi ya upande wa marehemu. Daftari la mtu mwenyewe halitoshi kumtolea yeye ushahidi. Zaidi ya hapo, anayemdai maiti, hata akiwa na mashahidi, huapishwa kuwa deni halijalipwa wala hakulisamehe, maana maiti hawezi kujitetea. Alipoambiwa aape kwa zile 450,000, mzee wa Darajani alinyamaza kidogo, akasema, "Ziacheni." Ikabaki 5,850,000.

Sharti la ushahidi nalo lilimtoa mtu mwengine aliyekuja siku ya hitma na madai ya 2,000,000, hana karatasi wala shahidi. Alikumbushia maneno ya kaburini. Akaambiwa alete ushahidi. Hakurudi.

Benki. Marehemu alikuwa na mkopo wa biashara, amebakisha 4,980,000, na mdhamini wake ni shemegi yake. Mtoto mkubwa alikwisha kwenda kuomba mkopo uhamishiwe jina lake alipe kidogo kidogo. Kama benki ingekubali siku ile, angelibadilisha deni lenye bima kuwa deni lake yeye. Mikopo mingi ya benki ina bima ya maisha ya mkopaji (kwenye benki za Kiislamu ni takaful), na makato yake yamo kwenye mkataba, mstari ambao hausomwi na mtu. Ami aliomba mambo matatu: nakala ya mkataba, salio la siku ya kifo, na fomu ya madai ya bima. Alipeleka hati ya kifo, ripoti ya daktari na barua ya usimamizi ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Muda huo ukipita, bima inaweza kukataa hata kama kila kitu ni sahihi. Bima ililipa 4,600,000. Haikulipa 380,000, malimbikizo ya miezi miwili kabla ya kifo. Hayo yalikuwa juu ya tarka. Shemegi mdhamini alilala usingizi usiku ule.

Upatu ulikuwa wa watu 20, kila wiki 50,000. Marehemu alishapokea zamu yake na alishachanga mara 11. Zilizobaki mara 9, yaani 450,000, ni deni. Angekuwa hajapokea, michango yake 11 ingekuwa mali ya tarka na kijumbe ndiye angekuja kudaiwa. Mtoto alikwisha lipa 400,000, ikabaki 50,000.

Zaka: daftari lilionyesha mwaka mmoja wa zaka ya biashara haukutolewa, 310,000. Kwa Mashafii haki ya Mwenyezi Mungu hutangulia madeni ya watu.

Na mahari. Hati ya ndoa ilionyesha 400,000 ambazo hazikuwahi kutolewa. Mjane alikuwa eda, ami alimuuliza nyuma ya pazia.

"Shemegi, mimi nishasamehe."

"Umesamehe kwa moyo wako, au kwa haya za watu?"

Akakaa kimya. Ami hakumsukuma, alisema tu ataiandika kwenye orodha, na akitaka kusamehe baada ya eda asamehe kwa kauli iliyo wazi. Hakusamehe, na ilikuwa haki yake. Deni la mahari lina daraja moja na deni la Darajani. Mjane anadai kwanza, kisha ndipo anarithi.

Sasa mpangilio. Aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa zinataja wasia kabla ya deni, lakini maulamaa wote wanalipa deni kwanza. Kwa Mashafii, haki iliyofungamana na mali yenyewe, kama rehani, hutangulia hata sanda. Kisha mazishi ya kadiri, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki, kisha warithi. Na madeni yenye muda wa mbele yote hufika siku ya kifo. Mdai hasubiri tena.

Rehani 2,700,000, mazishi 450,000, zaka 310,000, Darajani 5,850,000, benki 380,000, upatu 450,000, mahari 400,000, mkopo wa simu 120,000. Jumla 10,660,000. Gharama za usimamizi zikachukua 290,000. Kwenye taslimu zikabaki 6,000,000. Wasia wa chuo, 1,000,000, ni mdogo kuliko theluthi, ukapita wote. Zikabaki 5,000,000 na mikarafuu, iliyothaminiwa 11,800,000.

Ila tuseme mikarafuu isingekuwepo, wala rehani yake, wala mkopo wa simu, na duka lingekuwa dhaifu, na baada ya mazishi na zaka zingebaki 3,540,000 tu. Darajani, benki, upatu na mahari wanadai kwa pamoja 7,080,000. Hapo hapana aliyetangulia kwa kupiga kelele: kila mmoja anapata nusu ya haki yake. Darajani 2,925,000, upatu 225,000, mahari 200,000, benki 190,000. Na kijumbe aliyekwisha pokea 400,000 siku ya tatu angekuwa amepokea 175,000 zisizo zake, na wa kuzifidia kwa wadai wengine ni yule aliyezitoa kwenye simu. Ndiyo maana msimamizi halipi hata shilingi mpaka orodha yote iwe mezani, hata mdai awe ni jirani anayemuona kila alfajiri msikitini.

Zilizobaki, 16,800,000, zilikatwa mafungu 168 ya 100,000. Thumuni ya mjane, moja ya nane, ni mafungu 21. Sudusi ya mama, moja ya sita, ni 28. Yaliyobaki 119 ni ya watoto, mwanamume 34, mwanamke 17. Mama na mjane walitaka pesa, na 4,900,000 zao zilitoka kwenye taslimu bila kugusa shamba. Watoto wakabaki na mikarafuu pamoja na 100,000, ambazo zililipa palizi ya mwaka ule. Kwa kuwa wawili ni wadogo, haikutosha wakubwa kukubaliana. Kadhi alitazama kama kubaki na miti kuna maslahi kwa wale wadogo, ndipo akaridhia. Zao la kila msimu linagaiwa saba: wanaume mbili mbili, wanawake moja moja, na tatu za wadogo zinawekwa akiba, haziguswi kwa hitma wala kwa harusi ya kaka yao.

Daftari lenyewe liko kwa binti mkubwa. Lina 1,700,000 ambazo hazijapatikana, na kila inayoingia inagaiwa kwa mafungu yale yale 168. Marehemu aliandika wateja wake kwa majina ya utani, na wengi wamejulikana. Aliyeandikwa "Fundi wa Mtambwe", 85,000, doti tatu na kanzu moja, bado.